"Mama, yule bibi kavaa shuka?"

Basi la CMAX likitoka katikati ya jiji la Columbus, Ohio, hupanda na Cleveland Avenue, na likifika mtaa wa Linden huwa limejaa. Ilikuwa Januari, nje theluji tupu. Kiti cha mbele alikaa bibi mmoja, koti zito la baridi mwilini, na juu ya koti kajitanda kanga. Mkabala naye kijana wa Kimarekani, miaka sita hivi, hakumwondolea macho.

"Mama, kwa nini yule bibi kavaa shuka?"

Mama akamfinya, kisha akageukia dirishani, uso umemwiva.

Kufinya huko nimekuona mara nyingi, na kwangu ndiko kunakomfundisha mtoto kwamba vazi la mwenzake ni jambo la aibu. Swali lenyewe halikuwa na ubaya. Kaona kitambaa cha mstatili kisichokatwa wala kushonwa, na kwao kitambaa cha namna hiyo hutandikwa kitandani. (Na sisi tusijifanye: kanga ikichakaa huishia kuwa nepi, kisha tambara la kushikia sufuria.)

Wala Linden si mahali pa kushangaa mavazi. Wasomali wa Columbus ni miongoni mwa jamii kubwa kabisa za Wasomali Marekani, na wengi wamekaa upande huu wa kaskazini, kuelekea Morse Road. Wamo pia Wabantu wa Somalia, ambao Marekani ilianza kuwapokea kwa maelfu kutoka kambi ya Kakuma mwaka 2003. Baadhi yao wangali wanazungumza Kizigua, lugha ambayo mababu zao walitoka nayo bara la Tanzania ya leo. Kwa hiyo kituo kimoja cha basi chaweza kukuonyesha baati, jilbabu na kitenge. Lakini mtaa kuzoea si mtoto kuzoea.

Linaloniudhi ni majibu yetu sisi wenye nguo. Tukiulizwa tunasema "ni utamaduni wetu", basi, mlango umefungwa. Nguo yenye pindo, mji na jina, inayouzwa kwa doti ili mwenye nayo ajifunge moja na kujitanda nyingine, nguo ambayo mwaka 2008 ilichapwa hadi sura ya Barack Obama, inakosa msemaji!

Yule kijana hakukoma. Alikuwa ameona herufi. Zamani jina la kanga liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Lingebaki hivyo, asingeambulia kitu. Lakini hizi alikuwa anafundishwa shuleni, akaanza kuzifuata kwa kidole hewani: we... ma... ha... u... o... zi.

Bibi akageuka. "Heee! Kasoma!" Akaivuta kanga ikunjuke, jina lote lionekane: WEMA HAUOZI.

"Maana yake nini?"

Bibi akanitazama mimi. Kiingereza chake kilikuwa cha salamu na cha dukani. Nikamwambia kijana kwamba wema si kama ndizi, haufanyi weusi ukikaa.

Akafikiri kwa muda wa kituo kizima. Mama yake alikuwa ameshaacha dirisha, naye anasikiliza.

"Hata usipouweka kwenye friji?"

Nilipomtafsiria bibi, alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. Mama ndiye aliyeinama kumwokotea.