Koilova ya nyuma

Koilova (pia: shokapu yenye springi) ni kifaa cha saspensheni ya gari kinachounganisha shokapu na springi ya koili katika kipande kimoja. Springi huzunguka shokapu na kubeba uzito wa gari, na shokapu hutuliza mrukoruko wa springi. Kwenye magari ya zamani koilova ya nyuma hufungwa pale springi za awali zinapochoka, au mwenye gari anapotaka kurekebisha kimo chake.

Historia katika Afrika ya Mashariki
Mifumo yote miwili ilijaribiwa katika Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Datsun 240Z, iliyoshinda mwaka 1971 na 1973, ilikuwa na springi ya koili juu ya shokapu kwa kila gurudumu la nyuma. Ford Escort RS1600, iliyoshinda mwaka 1972 ikiendeshwa na Hannu Mikkola, ilikuwa na ekseli nzima na springi za mabamba nyuma. Magari ya aina hizo bado hukimbia katika East African Safari Classic, iliyoanzishwa mwaka 2003.

Kuchagua
Urefu wa koilova hupimwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake na mzigo wa kawaida. Katika kimo hicho, takriban nusu ya mwendo wa shokapu inapaswa kubaki kwa ajili ya kubonyea. Kwenye barabara za udongo, kama zile za vijijini mkoani Katavi kuzunguka kata ya Kibaoni, mwendo mrefu unahitajika zaidi kuliko kwenye lami. Kushusha gari hupunguza nafasi ya kubonyea, na shokapu hugonga mwisho kwenye kila shimo.

Ugumu wa springi huandikwa kwa nyutoni kwa milimita (N/mm). Kwa mfano, ikiwa upande mmoja wa nyuma unabeba kilo 220, sawa na nyutoni 2,160 hivi, springi ya 30 N/mm iliyosimama wima itabonyea milimita 72. Koilova ikilazwa kwa nyuzi 30, ugumu unaofika kwenye gurudumu hushuka hadi robo tatu, na gari litashuka milimita 96. Ikilazwa kwa nyuzi 45, ugumu hushuka hadi nusu.

Nati ya kurekebishia iliyo chini ya springi hubadilisha kimo cha gari. Haibadilishi ugumu wa springi.

Kufunga
Penye springi za mabamba, shokapu ya kawaida haibebi uzito wa gari. Mara nyingi bati inapofungwa kwa juu limeundwa kuhimili nguvu za shokapu pekee. Koilova ikiwekwa hapo, na springi za mabamba zikiondolewa, uzito wote wa upande huo huhamia kwenye bati na bolti moja. Bati linaweza kupasuka gari likiwa katika mwendo. Kwa hiyo sehemu hiyo huimarishwa kwa chuma kinachounganishwa na chasi.

Springi za mabamba pia huishikilia ekseli isisogee. Zikiondolewa, lazima viwekwe vyuma vya kuizuia isiende mbele, nyuma wala kando.

Kazi hufanywa kwa utaratibu huu:
1. Gari huinuliwa na kuwekwa juu ya stendi imara. Jeki peke yake haitoshi.
2. Ekseli huegemezwa kwa jeki ya pili kabla ya kufungua shokapu, ili isivute paipu ya breki.
3. Koilova hufungwa bila kukaza bolti kabisa.
4. Ekseli hupandishwa na kushushwa kuhakikisha springi haigusi tairi, ekzosi wala paipu ya breki.
5. Bolti zenye bushi za mpira hukazwa gari likiwa limebeba uzito wake. Zikikazwa magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira hubaki umejipinda na kupasuka mapema.

Baada ya safari fupi ya kwanza, bolti zote hukaguliwa tena, pamoja na bati la juu ili kuona kama lina nyufa.