Omena na Mwezi wa Sio Port

Sisi watu wa pwani tumelelewa na hesabu ya mwezi. Bamvua na maji mafu twayajua tangu chuoni. Ziwani, msomaji, hakuna kupwa wala kujaa kwa kutajika, na bado mvuvi hutazama mbinguni.

Kutoka Busia mjini nilishuka Sio Port kutafuta omena, dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Waganda ng'ambo ya mpaka huwaita mukene. Huvuliwa usiku wa giza: taa huwashwa juu ya maji, samaki wakaifuata, wavu ukawazunguka. Mbaamwezi ikitanda, taa haina kazi. Zamani ilikuwa karabai. Siku hizi wengi wana taa za nguvu za jua.

Kosa langu, nilikwenda Juni. Desturi ya Kenya ni kufunga uvuvi wa omena tangu 1 Aprili hadi 31 Julai, wapate kuzaana. Mashua za omena nilizikuta zimelala mchangani. Mama mmoja mwanikaji akaniambia, "Mzee, samaki wanapumzika, lakini watoto wangu hawapumziki kula."

Alikuwa na gunia moja la Machi, nusu limekwisha, akiliuza kwa gorogoro. Nikanunua moja. Bei hakupunguza, wala sikumsumbua.