Chema Hakijiuzi: Kweli na Uongo Kuhusu Mwanamke Kupanda Cheo

Kila ofisi ina ushauri wake kwa mwanamke aliyeanza kuonekana. Akishateuliwa mkuu wa kitengo, msimamizi wa zamu au kaimu wa mtu aliye likizo, ataambiwa ajiamini, avumilie, asubiri wakati wake. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, lakini mwingi wake haujawahi kupimwa. Hapa tunazipima kauli nane zinazosikika sana.

1. "Fanya kazi vizuri tu, watakuona. Chema chajiuza."

SI KWELI. Methali hii ni ya sokoni, ambako mnunuzi huibonyeza embe kwa kidole chake mwenyewe. Nani apandishwe cheo huamuliwa kwenye kikao, na wengi wanaokaa hapo hawajawahi kufanya kazi na wewe. Kinachowafikia ni karatasi. Katika utumishi wa umma Tanzania, mfumo wa kupima utendaji wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya OPRAS, unamtaka mtumishi mwenyewe aingize kazi zake na utekelezaji wake. Anayefanya bila kuingiza, mfumo haumjui.

Walio sekta binafsi nao wawe na daftari. Kila mwisho wa mwezi andika ulichofanya, kilichobadilika na kwa kiasi gani: shilingi, siku, wateja. "Ninasimamia ghala vizuri" ni sifa tu. "Mali inayoharibika imepungua kwa nusu tangu nikabidhiwe ghala" ni ushahidi.

2. "Wanawake hawapewi nyongeza kwa sababu hawaombi."

SI KWELI. Utafiti wa wafanyakazi wa Australia uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kwamba wanawake walioajiriwa katika mazingira yanayolingana na ya wanaume huomba nyongeza sawa na wao. Tofauti ilikuwa kwenye jibu: wanaume walikubaliwa mara 20 katika kila 100, wanawake mara 15.

Basi kuomba peke yake hakutoshi. Kuna wakati wa kuomba na namna ya kuomba. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na kampuni nazo zina mwezi wao wa kupanga bajeti. Ukipeleka ombi bajeti ikiwa imeshapitishwa, umempa bosi sababu ya kukataa. Uliza pia ngazi za mshahara za cheo chako kabla ya kutaja kiasi unachotaka.

Na si lazima uombe peke yako. Katika miaka ya 1970, Wangari Maathai na mwenzake walidai wanawake wanaofundisha Chuo Kikuu cha Nairobi wapate marupurupu sawa na wanaume. Walijaribu hata kukigeuza chama cha wahadhiri kiwe chama cha wafanyakazi ili kiweze kujadiliana na mwajiri. Mahakama iliwakatalia, lakini mengi waliyoyadai yalikuja kutekelezwa.

3. "Anayekubali kila kazi ndiye anayepandishwa."

SI KWELI. Nani huandika muhtasari wa kikao? Nani hukusanya rambirambi, huongoza kamati ya kumuaga mstaafu, huagiza chai wageni wakija? Ni kazi za lazima, ila hakuna anayepewa umeneja kwa sababu yake. Watafiti wa uchumi wa Marekani walionyesha mwaka 2017 kwamba katika makundi yenye jinsia zote, wanawake walijitolea kufanya kazi za aina hii kwa asilimia 48 zaidi ya wanaume. Aliyepewa nafasi ya kuchagua wa kumwomba naye alimwomba mwanamke kwa asilimia 44 zaidi.

Kukataa waziwazi kuna gharama yake, utaitwa mjeuri. Njia nyepesi ni kupendekeza zamu: "Mwezi huu nimeandika mimi, mwezi ujao aandike nani?" Ratiba ikishabandikwa ukutani, hakuna wa kulaumiwa.

4. "Adui wa mwanamke ni mwanamke."

SI KWELI. Watafiti walifuatilia manispaa za Brazili na kuchapisha matokeo yao mwaka 2018: pale alipochaguliwa meya mwanamke, wanawake waliongezeka katika ngazi za juu na za kati za uongozi wa taasisi za umma. Ugomvi wa wanawake wawili ofisini upo, kama ulivyopo wa wanaume wawili. Ila menejimenti ikitenga kiti kimoja tu "cha wanawake", imewapambanisha kabla hawajafahamiana. Dai viti viongezwe kabla ya kumlaumu aliyekalia hicho kimoja.

5. "Ukipata mlezi mzuri wa kazi, umemaliza."

NUSU KWELI. Mlezi hukupa mawazo. Anayekupandisha ni yule anayetaja jina lako kwenye kikao ambacho wewe hukuitwa, na kuweka heshima yake rehani kwa ajili yako. Herminia Ibarra na wenzake waliandika mwaka 2010 kwamba wanawake hupata washauri wengi kuliko watetezi. Mtetezi hapatikani kwa kunywa naye kahawa. Hupatikana kwa kumfanyia kazi nzito ikaonekana, kisha kumwambia bila kuzunguka: "Ninaitaka nafasi ile. Ikijadiliwa, utanitaja?"

Kozi nazo zipimwe hivyohivyo. Chama cha Waajiri Tanzania kinaendesha programu ya Mwanamke Kiongozi, iliyotokana na ile ya waajiri wa Norway iliyoanza mwaka 2003. Cheti ni kizuri, lakini faida iliyo kubwa zaidi ni kwamba mwajiri anayekupeleka amekutaja kwa maandishi kuwa kiongozi mtarajiwa. Ukirudi, mkumbushe.

6. "Ukizaa, umejirudisha nyuma."

NUSU KWELI. Kwa sheria si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na hadi saa mbili za kunyonyesha kila siku ndani ya muda wa kazi. Unarudi kwa masharti yaleyale uliyoondoka nayo. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inatoa miezi mitatu kwa mshahara kamili.

Kwa desturi za ofisi, kauli hii ina ukweli: miradi hugawanywa ukiwa hupo. Kabla ya kuondoka, andika makabidhiano yanayotaja kazi zipi zinashikwa kwa muda na zipi utazirudia, bosi asaini, nawe ubaki na nakala.

7. "Bosi akitaka ngono ili upande cheo, huna la kufanya mpaka akuguse."

SI KWELI. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania ya mwaka 2007 kinasema kosa ni kule kudai kwenyewe, mtu anapoyafanya mapenzi kuwa sharti la ajira, cheo au haki yoyote iliyo mikononi mwake. Tunza ujumbe wa simu, andika tarehe na mahali, uwapigie TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba 113 bila malipo.

8. "Tatizo kubwa la wanawake ni kutojiamini."

SI KWELI, na ndiyo inayozibeba nyingi kati ya zile zilizotangulia, maana inahamishia kosa la utaratibu ndani ya moyo wa mwanamke. Mwaka 2014, mwandishi Tara Mohr alieleza jinsi alivyowauliza watu zaidi ya 1,000, wake kwa waume, wengi wao Wamarekani, kwa nini hawakuomba kazi ambazo hawakuwa na sifa zake zote. Waliosema hawakuamini kwamba wangeiweza kazi walikuwa karibu mmoja tu katika kila kumi. Sababu iliyoongoza ni kwamba hawakuona haja ya kupoteza muda, kwa kuwa sifa zilizotangazwa hawakuwa nazo. Waliyachukua masharti ya tangazo kama yalivyoandikwa.

Hapo ndipo elimu inapotakiwa. Katika utumishi wa umma, sifa zilizomo kwenye muundo wa utumishi ni lazima. Usipokuwa na shahada inayotajwa, jina lako halipiti. Katika kampuni binafsi, sehemu kubwa ya orodha huwa ni matamanio ya mwajiri, na aliyewahi kukaa kwenye jopo la usaili atakuambia ni yapi. Kwa hiyo, kabla ya kulipia semina nyingine ya kujiamini, ulizia mambo matatu: cheo kinachofuata kinataka nini kwa maandishi, nani hukaa kwenye kikao cha kukitoa, na kikao hicho hukaa mwezi gani.