Gari la fahari Kingsbury: jipya au lililotumika?

Kila ifikapo tarehe 1 Machi na 1 Septemba, Uingereza hutoa namba mpya za magari, na simu za familia zetu huanza kulia. Picha za gari jeupe lenye viti vya ngozi zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, shemeji anauliza bei, mjomba wa Mombasa anauliza kama litafika Kilindini, na watoto wameshachagua rangi. Swali ni lile lile kila mwaka: tununue jipya au lililotumika?

Jibu fupi ni kwamba kwa familia nyingi za Kingsbury na mitaa jirani, gari lililotumika miaka 3 au 4 ndilo lenye nafuu. Lakini kuna swali jingine linaloweza kubadilisha jibu hilo, na muuzaji hatakuuliza: gari hili litaishia wapi? Likiishia London, hesabu ni moja. Likiishia Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, hesabu ni nyingine, na inaanza siku ya kununua, si siku ya kulipakia melini.

Hesabu vichwa kwanza

Tunazungumzia SUV za fahari za ukubwa wa kati: Volvo XC60, BMW X3, Audi Q5, Mercedes-Benz GLC, Lexus NX, Range Rover Velar na nyingine za rika hilo. Yakiwa mapya, magari haya kwa kawaida yanavuka £40,000. Nesi wa Bendi 5 wa NHS hapa England alianzia £31,049 kwa mwaka 2025/26, kabla ya kuongezwa posho ya London na kabla ya kukatwa kodi. Kwa hiyo gari moja ni zaidi ya mshahara wake wa mwaka mzima. Si dhambi kupenda kitu kizuri baada ya miaka ya zamu za usiku. Ila ni pesa zile zile zinazolipa karo ya mdogo wako na dawa za mama kijijini.

Kabla ya kubishana kuhusu chapa, hesabu mtakaopanda. Sheria ya Uingereza inataka mtoto akae kwenye kiti cha watoto mpaka afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 135, lipi litangulie. Magari mengi niliyotaja yana viti 5, na ndoano za ISOFIX za nyuma mara nyingi ziko pembeni mbili tu. Mwenye watoto watatu wadogo anaweza kukuta kiti cha tatu hakiingii katikati. Abebe viti vyake mpaka kwenye yadi ya magari na avijaribu pale pale. Anayempokea bibi kila kiangazi atazame zenye viti 7, kama Land Rover Discovery Sport au Mercedes-Benz GLB, akijua kwamba viti vya nyuma kabisa ni vya watoto au vya safari fupi.

Pima na nyumba. Nyumba nyingi za Kingsbury ni zile pacha zilizojengwa miaka ya 1920 na 1930, na gereji zake zilitengenezwa kwa magari madogo ya wakati huo. Volvo XC60 ina upana wa mita 1.9 bila vioo vya pembeni. Ukiweza kuliingiza, hakikisha pia unaweza kufungua mlango na kutoka.

Jipya: unalipia nini?

Gari jipya linakupa utulivu. Kwa chapa nyingi kati ya hizi dhamana ni miaka 3, hakuna MOT mpaka gari litimize miaka 3, na hakuna historia ya mtu mwingine ya kuchunguza. Kwa mama anayetoka zamu saa 2 asubuhi akiwa amechoka, kujua kwamba gari litawaka si jambo dogo.

Utulivu huo unalipiwa kwanza kwa kushuka kwa thamani. Magari mengi hupoteza sehemu kubwa ya bei yake ndani ya miaka 3 ya mwanzo, na mnunuzi wa kwanza ndiye anayebeba hasara hiyo.

Pili ni mkopo. Wengi wetu huchukua mpango wa PCP: unatoa amana, unalipa awamu za kila mwezi kwa miaka 3 au 4, kisha mwishoni linabaki deni moja kubwa. Ukililipa, gari ni lako. Usipolilipa, unarudisha gari na kuondoka mikono mitupu, au unaanza mkopo mwingine. Mpango huo pia una kikomo cha maili, na ukikizidi unalipa. Awamu ya mwezi inaonekana ndogo kwa sababu sehemu kubwa ya bei imewekwa mwishoni. Muulize muuzaji swali moja: jumla ya pesa zote nitakazolipa mpaka gari liwe langu ni ngapi? Aiandike kwenye karatasi. Kwa Waislamu wanaokwepa riba, huu nao ni mkopo wenye riba kama mingine. Ndiyo maana familia kadhaa ninazozifahamu huweka akiba kwa upatu au chama, kisha hununua lililotumika kwa pesa taslimu.

Tatu ni kodi ya barabara. Gari lililosajiliwa tangu 1 Aprili 2017 na ambalo bei yake ya orodha ilizidi £40,000 hulipa nyongeza ya magari ya bei ghali kwa miaka 5, kuanzia mwaka wa pili. Kwa 2025/26 nyongeza hiyo ilikuwa £425 juu ya kodi ya kawaida ya £195, yaani £620 kwa mwaka. Kinachotazamwa ni bei ya orodha lilipokuwa jipya, si pesa ulizotoa wewe. Hata ukipunguziwa bei, au ukilinunua miaka 3 baadaye kwa £25,000, nyongeza inakufuata.

Lililotumika: mahali pa kuchungulia

Kodi ya barabara haihami na gari. Siku ya kununua unaanza kulipa yako. Gari lililosajiliwa Juni 2022 litakuwa na nyongeza mpaka Juni 2028. La 2019 limeshamaliza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo andika tarehe ya usajili mbele ya kila gari unalolifikiria.

Kisha ULEZ, eneo linalotoza magari yanayochafua hewa. Tangu 29 Agosti 2023 eneo hilo limefunika mitaa yote ya London, Kingsbury ikiwemo. Kwa kawaida petroli ya kiwango cha Euro 4, yaani mengi ya kuanzia 2006, na dizeli ya Euro 6, mengi ya kuanzia Septemba 2015, hayatozwi. Mengine hulipa £12.50 kwa siku. Wanaofanya kazi usiku wasikilize hapa: siku ya ULEZ inaanza saa 6 usiku na kuisha saa 6 usiku unaofuata. Ukienda kazini saa 1 jioni na kurudi saa 2 asubuhi, umeendesha siku mbili, na zamu moja inaweza kukugharimu £25. Dizeli ya zamani yenye bei ya kuvutia hugeuka mzigo haraka. Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya TfL kabla ya kwenda kuliona.

Hata dizeli inayokubalika si ya kila mtu. Ina kichujio cha masizi kinachohitaji safari ndefu za mwendo wa kasi ili kijisafishe. Anayetoka Kingsbury kwenda hospitali ya Northwick Park na kurudi, maili chache za foleni, anakiziba kichujio hicho, na kukibadilisha ni ghali. Kwa safari fupi tazama petroli au haibridi. Haibridi ya kuchomeka umeme ina faida kama una mahali pa kuegesha nyumbani na kuichaji. Anayeishi ghorofani bila chaja atakuwa anabeba betri nzito huku akichoma petroli.

Historia ya MOT ni bure kwenye tovuti ya gov.uk: inaonyesha maili kila mwaka na kila kasoro iliyoandikwa. Maili zikipungua badala ya kuongezeka, ondoka. Lipia pia ukaguzi wa historia utakaokuambia kama gari lina deni, liliwahi kuibwa au liliharibika kwenye ajali. Kumbuka kwamba logbuku, ile hati ya V5C, inaonyesha mtunzaji aliyesajiliwa. Si uthibitisho wa umiliki. Gari linaweza kuwa na logbuku safi huku kampuni ya mkopo ndiyo mwenye mali.

Ukinunua kwa mfanyabiashara, sheria ya haki za walaji ya 2015 inakupa siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro na kurudishiwa pesa zote. Ukinunua kwa mtu binafsi huna ulinzi huo, hata kama ni mtu wa kwenu na mmekula naye ubwabwa. Kwa upande wa dhamana, Lexus ya Uingereza inastahili kutajwa: kila sevisi kwa wakala wake inaweza kuleta dhamana ya mwaka mmoja au maili 10,000, mpaka gari lifike miaka 10 au maili 100,000. Kwa mnunuzi wa gari lililotumika, hilo ni jambo kubwa.

Bima kabla ya mapenzi

SUV za fahari zinapendwa na wezi wa London, hasa zisizotumia ufunguo wa kuchomeka. Wezi hunasa mawimbi ya ufunguo uliolala ndani ya nyumba na kuufungua mlango bila kuvunja kioo. Weka funguo kwenye mfuko wa kuzuia mawimbi na utumie kufuli la usukani. Kampuni nyingine za bima hudai kifaa cha kulifuatilia gari kabla ya kukubali. Chukua namba ya gari, itafutie bei ya bima kwa anwani yako, ndipo ulipe amana. Kama leseni yako ya Uingereza ni mpya, jiandae kwa bei ya kushtua.

Wanafunzi na wazazi wao: kumwandika baba kuwa dereva mkuu wakati gari linaendeshwa na kijana chuoni ni udanganyifu. Bima inaweza kukataa kulipa siku ya ajali.

Kama gari litarudi nyumbani

Uingereza, Kenya, Tanzania na Uganda zote zinaendesha upande wa kushoto, kwa hiyo usukani si tatizo kama ulivyo kwa ndugu zetu wa Marekani na Oman. Tatizo ni umri. Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka 8 tangu usajili wa kwanza. Mwaka 2026 yanakubaliwa yaliyosajiliwa kuanzia 2019. Uganda inakataa yenye miaka 15 na zaidi. Tanzania inayapokea ya zamani, lakini inayaongezea ushuru wa uchakavu.

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inampa mkazi anayerejea msamaha wa ushuru kwa gari moja. Masharti yake yanataka mpangilio wa mapema: uwe umeishi nje miaka 2, bila kukaa nyumbani jumla ya siku 90 au zaidi ndani ya miaka hiyo, na gari uwe umelimiliki na kulitumia huko nje angalau miezi 12. Likizo ndefu mbili zinaweza kukufutia haki hiyo. Logbuku iwe na jina la yule anayerudi, na deni liwe limekwisha, kwa sababu gari la mkopo huwezi kulitoa nchini bila idhini ya mwenye deni.

Sasa weka tarehe pamoja. Tuseme familia inapanga kurudi Mombasa 2029. Wakinunua 2026 gari la 2019, London watafurahi: bei nafuu, nyongeza ya kodi imekwisha. Lakini hata wakitimiza miezi 12 ya kulimiliki, mwaka 2027 Kenya itakuwa inapokea ya 2020 kwenda mbele, na gari lao litakuwa limefungiwa mlango. Wakinunua la Juni 2022, watalipa nyongeza kwa miaka 2 iliyobaki, takriban £850 kwa viwango vya 2025/26, na sheria ikibaki ilivyo, 2029 litaingia, ili mradi lifike kabla ya mwaka kuisha. Wakinunua jipya, wana nafasi mpaka 2033, ila wanalipia kila kitu. Kwa familia hii la 2022 ndilo linalokaa vizuri.

Kwa familia isiyofikiria kurudi, la 2019 lenye sevisi kamili linaweza kuwa chaguo bora kuliko yote. Kwa anayekaribia kurudi ndani ya mwaka mmoja, jibu la busara mara nyingi ni kutonunua kabisa, kwa sababu miezi 12 haitatimia.

Mnapokaa mezani kuamua, andikeni mistari mitano: bei mpaka gari liwe lenu, kodi ya barabara mpaka mwaka mtakaoliuza au kulisafirisha, bima ya mwaka, sevisi na matairi, na mwaka wa kurudi. Kama mnafikiria kurudi, mwandikieni KRA, TRA au URA mapema na mwombe jibu la maandishi. Kisha gawanyeni jumla kwa miezi, mlinganishe na kile kinachobaki baada ya kodi ya nyumba, karo na pesa za kutuma nyumbani. Kama hesabu hailingani, ongezeni mwaka mmoja kwenye umri wa gari, au shukeni ngazi moja ya chapa, na mhesabu upya.