Silaha Zilizofichwa na Kura ya 1994 (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia Roma, Oktoba 4, 1992, Rais Joaquim Chissano na Afonso Dhlakama, kiongozi wa waasi wa Renamo, walipotia saini mkataba wa amani wa Msumbiji. Leo tuingie kwenye swali lililozitia doa kampeni za uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi: silaha za vita zimekwenda wapi?

Wapiganaji walitakiwa kukusanyika katika kambi 49, wakabidhi bunduki kwa ONUMOZ, ujumbe wa Umoja wa Mataifa, kisha warudi uraiani au waingie jeshi jipya la pamoja. Silaha zipatazo 190,000 zilikusanywa. Hesabu ni kubwa, ila nyingi zilizofika kambini zilikuwa kuukuu na zenye kutu. Nzima zilibaki mashimoni porini. Kila upande ukaunyoshea mwingine kidole, na wakaguzi wakakuta maghala ambayo hayakutajwa na yeyote.

Chanzo cha hofu kilikuwa Angola. Septemba 1992 nchi hiyo ilipiga kura huku majeshi mawili yakiwa bado na silaha; kiongozi wa waasi, Jonas Savimbi, akakataa matokeo, vita vikarudi. Umoja wa Mataifa ukajifunza kutotanguliza kura, ndiyo maana uchaguzi wa Msumbiji ukasogezwa hadi Oktoba 1994. Wanasiasa wa Msumbiji wakajifunza kinyume chake: akiba haiozi.

Ukaguzi wa maghala ulishika kasi kambi zilipofungwa mwishoni mwa Agosti, kura ikiwa imebakiza miezi miwili. Kubana sana kungeweza kuvunja mkataba, basi uchaguzi ukaendelea. Mkesha wa kura Dhlakama alisusia, akabembelezwa, akarudi. Upigaji kura ukaongezwa siku ya tatu. Chissano alipata asilimia 53, Dhlakama 34, na bunduki zikanyamaza.

Deni lilibaki. Kuanzia 1995 polisi wa Msumbiji na Afrika Kusini waliteketeza maghala kwa Operesheni Rachel, na makanisa, chini ya Askofu Dinis Sengulane, yakampa mwenye bunduki jembe, baiskeli au cherehani. Lakini Renamo ilibaki na watu wake wenye silaha. Mwaka 2013 risasi zikarindima tena mkoani Sofala. Mapatano mapya yalitiwa saini Septemba 2014, mwezi mmoja kabla ya kura. Mengine Agosti 2019, miezi miwili kabla ya kura. Silaha zilizofichwa zilikuwa karata ya kampeni kuliko zana ya vita.

Msomaji wa Rongui, Vamizi au Palma, kaskazini mwa Msumbiji, atauliza: wapiganaji waliovamia Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na kuuteka mji huo Agosti 2020, walitumia bunduki hizo? Tusikimbilie mashimo ya zamani. Wapiganaji hao walijipatia silaha nyingi kwa kuvamia vituo vya jeshi na polisi. Basi wa kuulizwa leo ni mlinzi wa ghala la serikali, na huko ndiko tutakakoelekea wiki ijayo.