Kusoma kwa Kung'amua: Njia ya Chuo Kikuu kutoka Pwani ya Cabo Delgado

Kijana wa Palma, Mocímboa da Praia au Ibo, mkoani Cabo Delgado, anayetaka kujiunga na chuo kikuu cha umma nchini Msumbiji hupitia mtihani wa kuingia, yaani mtihani unaowapima waombaji kwa maswali yaleyale, ambao mara nyingi humtaka achague jibu moja sahihi kati ya kadhaa. Maswali huandikwa kwa Kireno, lugha rasmi ya taifa, ilhali nyumbani kwao husikika zaidi Kimwani, Kimakwe, Kimakonde au Kiswahili. Na kwa mujibu wa sensa ya 2017, Kireno kilikuwa lugha ya kwanza ya takriban asilimia 17 tu ya Wamsumbiji.

Wengi hudhani kwamba dawa ya tatizo hili la lugha ni kukariri msamiati, lakini kinachopimwa zaidi ni ung'amuzi, yaani uwezo wa kuona jinsi sentensi moja inavyoizaa nyingine na kufikia hitimisho ambalo mwandishi hakulitamka, ingawa maneno yake yanalilazimu. Mfano mzuri ni neno dogo la Kireno "logo", ambalo mwanafunzi hulijua kwa maana ya "baadaye kidogo". Akikutana na sentensi "O vento está forte, logo os barcos não saem", ataelewa kwamba upepo ni mkali na kwamba baadaye mashua hazitatoka, kumbe hapo "logo" ina maana ya "kwa hiyo", na sentensi nzima inaeleza sababu na matokeo yake. Hali ni hiyohiyo kwa "ainda", yaani "bado", ambayo ikifuatwa na "que" hugeuka kuwa "hata kama".

Mbali na maneno kama hayo, mtego mwingine umo katika majibu ya kupotosha, ambayo ama husema jambo la kweli lisilokuwemo katika kifungu kinachosomwa, ama huligeuza "alguns", yaani "baadhi", kuwa "todos", yaani "wote". Kwa sababu hiyo, anayejizoeza asitosheke na kupata jibu sahihi, bali aoneshe ni neno gani katika kifungu linaloyakataa majibu mengine.

Pwani hii ina urithi unaofaa kwa kazi hiyo, kwani katika darsa za Kiislamu mwalimu husoma fungu la Kiarabu, akasimama, kisha akalifafanua kwa lugha ya wasikilizaji. Mwanafunzi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa Kireno: asome aya moja, afunike kitabu, aeleze maana yake kwa Kimwani, kisha aiandike kwa sentensi moja ya Kireno. Mtaalamu Jim Cummins wa Kanada alitoa hoja mwaka 1979 kwamba stadi za kusoma na kufikiri zilizokomaa katika lugha ya kwanza husaidia kuijenga ya pili, mradi mwanafunzi aipate lugha hiyo ya pili vya kutosha.

Njia hii inahitajika zaidi kwa kuwa tangu Oktoba 2017, vita vya Cabo Delgado vimefunga shule nyingi za kaskazini mwa nchi na kuwatawanya walimu na wanafunzi, hata baadhi ya vijana wakapoteza miaka mizima ya masomo. Walimu na wazee wasingoje shule zote zifunguliwe: gazeti moja la Kireno, likisomwa kila siku na kufafanuliwa kwa lugha ya nyumbani, ni darasa tosha la kuanzia.