Dawa ya Kumpa Mgonjwa Raha

Nilikwenda Kibabii, kule Bungoma, kumtazama shemeji yangu, Mola amrehemu. Saratani ya titi ilikuwa imefika mwisho, na kidonda kikinuka hata majirani wakaacha kuingia. Haya zilimuumiza kuliko maumivu yenyewe.

Muuguzi alituonyesha kusaga vidonge vya metronidazoli, ile Flagyl tunayomeza tumbo likichafuka, na kunyunyiza unga wake kidondani kila tukibadilisha bandeji. Harufu ile huletwa na bakteria wanaoishi kwenye nyama iliyokufa, na dawa hiyo huwaua. Baada ya siku chache watu walikaa naye tena.

Ndugu zangu, utando mweupe mdomoni nao hutibiwa ili mgonjwa ameze, na mkojo unaochoma hutibiwa ili alale. Nimonia ya siku za mwisho ni jambo jingine. Dripu na safari ya hospitali huenda zikamchosha bure, ilhali mofini aliyopimiwa na daktari humpunguzia kuhema kwa shida.

Basi mkiambiwa mgonjwa wenu ana maambukizi, ulizeni: dawa hii itampa nafuu gani? Kuacha isiyomfaa si kumtupa, maadamu mko naye.